Kupiga Deki Deki

Mafundi waliosomea kompyuta darasani wana lawama moja ya siku nyingi dhidi ya wenye nyumba. Kiendeshi cha diski kikianza kukataa CD, wanasema, mwenye nyumba hasubiri fundi. Hushika bisibisi, hufungua mfuniko, hutafuta kile kijicho cha lenzi kinachong'aa kwa rangi ya buluu, kisha hukisugua kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti kama anayesugua sufuria iliyoungua. Diski yenyewe huifuta kwa pindo la kanga huku akiizungusha. Yote hayo yakishindikana, yupo atakayetafuta kiskurubu kidogo kilicho ubavuni mwa lenzi na kukigeuza ili leza iongeze nguvu. Wataalamu huyaita mambo haya ujinga. Mimi nayasoma kama kumbukumbu. Mwalimu anayesahihisha mtihani hamgundui aliyenakili kwa kutazama majibu sahihi, maana jibu sahihi kila mtu anaweza kulifikia kwa njia yake. Humgundua pale karatasi mbili zinapokosea mahali pamoja na kwa namna moja. Makosa ya kusafisha diski nyumbani nayo yamenakiliwa kutoka karatasi fulani, na karatasi hiyo ni ya zamani kuliko kompyuta. Nataka kuifuatilia katika bonde la Kilombero, hasa Ifakara, kwa sababu mji huo una vitu viwili vinavyoufanya ushahidi uonekane vizuri: una vumbi, na una maabara.

Kwanza tuone kwa nini makosa hayo ni makosa. CD, iliyoingizwa sokoni na Sony na Philips mwaka 1982, haiguswi na chochote inaposomwa. Mwali wa leza hupita kwenye lenzi, huingia ndani ya plastiki yenye unene wa milimita 1.2, na kutua kwenye tabaka linalong'aa upande wa pili, ambako alama zimepangwa katika mstari mmoja unaozunguka kutoka katikati kwenda nje. Mizunguko ya mstari huo imeachana kwa maikromita 1.6 tu, kiasi kwamba unywele mmoja unaweza kufunika makumi ya mizunguko. Ili mwali usipotee njia, lenzi imetundikwa kwenye nyaya au vispringi vyembamba, inapanda na kushuka bila kukoma kuifuata diski inavyoyumba. Ukiigandamiza, hata kama umeondoa vumbi, umekipinda kitanda chake. Waliobuni CD waliipa pia uvumilivu wa aina yake: hesabu zilizofumwa ndani ya taarifa huweza kuziba pengo la milimita 2 hivi juu ya mstari. Mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni hukata kila mzunguko mahali padogo, na mashine husamehe. Mkwaruzo unaofuata mduara hulala juu ya mstari uleule kwa sentimita nzima, na hapo msamaha hufika mwisho. Ndiyo sababu kanuni inataka diski ifutwe kwa mstari ulionyooka, kutoka tundu la katikati kwenda nje. Na kile kiskurubu huongeza mkondo wa umeme unaowasha leza: leo diski inasoma, lakini leza inazeeka mbio.

Sasa tuyachukue makosa hayo matatu, moja baada ya jingine, tuyapeleke kwa vyombo vilivyotangulia. Santuri husomwa kwa sindano inayopita ndani ya mfereji, na vumbi lake hukaa mferejini humo. Kuifuta vizuri ni kuufuata mduara. Ukikata kwa mstari ulionyooka unausukumia uchafu kwenye kuta za mfereji, na sindano itaukuta. Mkoa wa Morogoro ulikuwa na muziki wa kutosha kuifundisha mikono adabu hiyo: Salum Abdallah na Cuban Marimba, na baada yao Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, walisikika kwenye santuri kabla kaseti haijashika nchi. Kaseti ilipokuja ilikuja na ugonjwa mwingine. Utepe wake umepakwa unga wa chuma, na unapita ukiigusa hedi ya redio. Unga huo hubanduka kidogo kidogo na kuigandia hedi, sauti ikafifia kama mtu anayeimba ndani ya pipa. Dawa yake ni pamba na spiriti, tena kwa kusugua kwelikweli, kwa kuwa hedi ni kipande cha chuma kilichoshikiliwa imara na hakidhuriki kwa nguvu ya kidole. Na pembeni ya hedi pana kiskurubu kidogo. Hicho huigeuza hedi ikae sawa na utepe. Fundi hukizungusha robo kwa robo, sikio likisikiliza, mpaka sauti ikawa kali na safi.

Makosa yote matatu, basi, yalipata kuwa maarifa. Kufuta kwa mduara kulikuwa sahihi kwa santuri, kusugua kwa spiriti kulikuwa sahihi kwa hedi, na kugeuza kiskurubu kilicho karibu na kinachosoma kulikuwa sahihi kwa kaseti. Aliyekifungua kiendeshi cha kompyuta akafanya mambo hayo hakuwa amekurupuka. Alikuwa anafuata mafunzo, na kwa uaminifu mkubwa, ila mafunzo yenyewe yalikuwa ya mashine nyingine. Desturi ya kusafisha ilivuka kutoka chombo hadi chombo ikiwa nzima, pamoja na nguvu ya mkono wake, na haikuambiwa na mtu kwamba chombo kipya hakiguswi.

Lugha nayo inatoa ushahidi. Deki, kwa msemaji wa Tanzania, ilikuwa mashine ya kanda, ikawa mashine ya mikanda ya video, ikawa mashine ya VCD na DVD. Ndani ya sanduku kila kitu kimebadilika, kuanzia mota hadi namna ya kusoma, lakini jina limebaki, na jina linapobaki mkono nao hudhani kwamba kitu ni kilekile. Vitabu na programu zilizotafsiriwa zimetuletea neno kiendeshi, ambalo ni zuri na lina mantiki yake. Tatizo lake ni kwamba lilifika mtaani baada ya watu kuwa na neno lao. Kuna na mzaha ambao haukupangwa na yeyote: kupiga deki ni kusafisha sakafu kwa maji na tambara. Maneno yote mawili yametokana na neno moja la Kiingereza, moja likipitia sakafu ya meli na jingine likipitia mashine ya kanda, na yamekutana katika sebule moja. Anayesafisha mashine yake ya DVD anapiga deki deki, na sidhani kama kuna lugha nyingine inayoweza kulisema jambo hilo kwa maneno machache namna hiyo.

Kwa nini mafunzo ya kanda yaliota mizizi mirefu kiasi hicho? Sehemu ya jibu iko kwenye sheria. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuzuia uingizaji wa kompyuta na seti za televisheni. Mwaka mmoja kabla, kampeni ya Mtu ni Afya ilikuwa imewakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kwa hiyo redio ilikuwa tayari imekwishapata heshima ya kuwa mwalimu wa kijiji. Vituo vya televisheni vya Tanzania Bara vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Kwa miaka ishirini hivi, mashine yenye mota na sehemu za kuchezacheza ambayo familia ya kawaida ingeweza kuimiliki, kuifungua na kuizoea ilikuwa redio kaseti. Kizazi kizima kilijifunza ufundi wa nyumbani juu ya chombo kimoja. VCD, ambayo viwango vyake viliwekwa mwaka 1993 na ambayo ilipata soko kubwa Asia ya Mashariki, ilipofika kwetu kwa bei ya kawaida iliikuta mikono hiyo ikiwa imekwishaiva. Kompyuta ya nyumbani, mara nyingi ya mtumba, ikaja nyuma ya deki. Kwa hiyo mtu alipoona kwa mara ya kwanza trei ya kompyuta ikijitokeza na kurudi, tayari alikuwa anaijua. Ilikuwa deki iliyolazwa ndani ya boksi kubwa.

Katikati ya kaseti na CD kulikuwa na disketi, na inafaa kuitaja kwa sababu inathibitisha hoja kwa upande wa pili. Disketi ya inchi 3.5, yenye nafasi ya megabaiti 1.44, ni kanda iliyokatwa duara: nayo imepakwa unga wa sumaku, nayo huguswa na hedi, na ndani ya ganda lake kuna kitambaa laini kinachoifuta kila inapozunguka. Kiendeshi chake husafishwa kwa disketi maalumu ya kitambaa kilicholoweshwa spiriti. Karani aliyetoka kwenye kaseti akaingia kwenye disketi hakuhitaji kusahau chochote. Lakini disketi ilikuwa chombo cha ofisi. Sebule nyingi ziliiruka, zikatoka kwenye kanda moja kwa moja hadi kwenye leza, na mahali desturi iliporuka ndipo ilipoteleza.

Hapa ndipo bonde la Kilombero linapoingia na mambo yake. Ifakara iko zaidi ya kilomita 400 kutoka Dar es Salaam kwa barabara, na kipande cha mwisho, kilomita 67 hivi kutoka Kidatu, kilikuwa cha udongo mpaka lami ilipofika miaka ya karibuni. Kiangazi kila lori lilipita na wingu lake jekundu. Mashine za kukoboa mpunga huongeza vumbi jingine, jepesi na lenye ncha, linalotokana na makapi. Jioni huja moshi wa mkaa na wa vibatari, wenye mafuta ndani yake. Masika bonde hujaa maji, hewa huwa nzito, na ukungu huota hata kwenye vitabu. Tofauti za vumbi hizi si jambo dogo kwa lenzi. Vumbi kavu la barabarani huondoka kwa kupulizwa, na pampu ya baiskeli, ambayo Ifakara haikosekani, hufanya kazi hiyo vizuri kuliko mdomo wenye mate. Vumbi lililoshikana na moshi halipulizwi. Linataka kitu cha kuyeyusha mafuta, na hapo mwenye nyumba aliyeshika spiriti alikuwa na haki kuliko kitabu cha maelekezo kilichoandikwa kwa ajili ya chumba chenye zulia na madirisha ya vioo. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilisaidia watu kusafiri hata barabara zilipokatika, lakini lenzi mpya ilibaki Kariakoo, na anayeifuata hulipa nauli ya kwenda na kurudi kabla hajalipa bei ya lenzi. Hesabu ya namna hiyo humfanya mtu mwenye busara aanze na pamba.

Atakayenipinga kwa haraka atasema kwamba nimechagua mji mbaya kwa hoja yangu. Ifakara si mji wa pembezoni usiojua sayansi. Rudolf Geigy wa Basel alifika huko mwaka 1949, maabara ya utafiti ya Waswisi ikafunguliwa mwaka 1957, na kituo hicho, baada ya kubadili sura na jina, kikawa Taasisi ya Afya Ifakara mwaka 2008. Mwaka 1996 kilianza kufuatilia kaya katika vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga: wadadisi walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi minne wakiandika vizazi, vifo na kuhama, na taarifa za makumi ya maelfu ya watu zikaingizwa kwenye kompyuta. Je, haiwezekani kwamba utunzaji wa mashine ulivuja kutoka geti la taasisi ukaingia mitaani? Ni swali zuri, na ndilo lililonifanya niiteue Ifakara badala ya mji mwingine. Kama desturi ya nyumbani ingekuwa mtoto wa maabara, ingefanana na mzazi wake. Tungeona mashine ikifungiwa chumba kisicho na vumbi, ikisafishwa kwa zana zake, ikikabidhiwa kwa fundi mwenye dhamana, na diski ngumu ikiachwa bila kufunguliwa kamwe. Tunachokiona nyumbani ni makosa ya kaseti. Maabara iliwaajiri watu wengi wa bonde na kuwafundisha mengi, bila shaka na kompyuta ikiwemo, lakini karatasi ambayo mwenye nyumba aliinakili haikutoka huko.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Mtu yeyote anayefuta kitu cha duara huzungusha mkono. Tunafuta sahani hivyo, na hakuna anayedai kwamba sahani imejifunza kwa santuri. Kama kosa linaweza kuzaliwa lenyewe kila mahali, halithibitishi ukoo. Nakubali kwamba kufuta kwa mduara, peke yake, hakutoshi kuibeba hoja hii. Kinachoibeba ni kundi. Hakuna silika ya kibinadamu inayomwambia mtu achovye pamba kwenye spiriti, wala inayomwambia atafute skurubu iliyo jirani na sehemu inayosoma na kuigeuza huku akisikiliza. Vitatu vinapotembea pamoja, na jina la mashine ya zamani likitembea navyo, maelezo ya silika huanza kupwaya. Mpinzani ataongeza kwamba hata Ulaya na Marekani watu walisugua lenzi na kufuta CD kwa kuzungusha. Ndiyo, na huko pia kaseti ilitangulia. Madukani kwao ziliuzwa CD zenye vibrashi vidogo vya kusafishia lenzi, kama zilivyouzwa kaseti za kusafishia hedi kabla yake, kwa hiyo hata viwanda vilitambua kwamba mteja anatamani kusafisha na vikamtengenezea zana isiyomruhusu kugandamiza. Bonde la Kilombero halikulizua kosa hili. Lililikuza, kwa kuwa lilikuwa na vumbi zaidi, vipuri mbali zaidi, na miaka mingi zaidi ya kukaa na kanda peke yake.

Umaskini? Wengi hupenda kuishia hapo: watu husafisha kwa sababu hawana fedha za kununua kipya. Bei ina sehemu yake, nimekwishaitaja nauli ya Kariakoo. Ila umaskini unaeleza kwa nini mtu anatengeneza kilichoharibika. Hauelezi kwa nini anakihudumia kizima. Tazama vitambaa vya kufuma vinavyofunika televisheni, redio na deki katika sebule zetu. Vimegharimu uzi na siku nyingi za kazi, vimepangwa kwa rangi, na huondolewa na kurudishwa kila siku. Hiyo ni heshima ya chombo. (Kitambaa hichohicho kikisahauliwa juu ya mashine inayowaka huziba matundu ya hewa, na joto huzeesha leza kuliko vumbi. Heshima nayo ina madhara yake.) Deki ilipigwa, sakafu na mashine, katika nyumba ambazo hazikuwa na kitu kilichoharibika.

Linabaki pingamizi la mhandisi, ambaye hajali historia na anataka kujua kama kazi yenyewe ilifaa. Atasema, na ni kweli, kwamba mashine isiyosoma diski mara nyingi haina uchafu. Mkanda wa mpira unaovuta trei umelegea, grisi kwenye reli ya lenzi imekauka, mota imechoka, au leza imefikia mwisho wa maisha yake. Hakuna pamba itakayoifufua. Lakini fikiria mpangilio wa kazi. Mwenye nyumba hana kifaa cha kupimia mkondo wa leza. Ana chupa ya spiriti. Akisafisha na diski ikasoma, amejua ugonjwa na amekwisha kuutibu. Akisafisha na diski isisome, amejua kwamba tatizo liko ndani zaidi na kwamba sasa safari ya kwa fundi ina maana. Kuanza na jaribio la bei nafuu ni utaratibu ambao mhandisi mwenyewe huufuata, isipokuwa lake limeandikwa kwenye mwongozo. Kilichomponza mwenye nyumba kilikuwa uzito wa kidole, na uzito wa kidole hurekebishika. Mafundi wa mitaani walilirekebisha jambo hilo wao wenyewe kwa hasara za kutosha: pamba kidogo, spiriti kidogo, mguso mwepesi kama wa kumfuta mtoto jicho, kisha iache ikauke kabla ya kurudisha mfuniko. Wakajifunza pia kuchomeka waya mwembamba kwenye kitundu cha mbele ya kiendeshi cha kompyuta ili trei iliyokwama itoke bila kuvunjwa, jambo ambalo kaseti haikuwahi kuwafundisha.

Marekebisho hayo yalikomaa wakati mashine yenyewe ilipokuwa inaaga. Mwaka 2008 Apple iliuza MacBook Air isiyo na kiendeshi cha diski ndani yake, na watengenezaji wengine wakafuata. Flashi na memori kadi zikachukua nyimbo na filamu zilizokuwa kwenye CD. Flashi haina lenzi wala mota, na hakuna cha kuipiga deki. Pamba na spiriti zimehamia kwenye feni za laputopu na kwenye tundu la kuchajia simu, ambako vumbi la bonde bado linaingia, na ambako sindano ya kushonea, iliyokuwa ikifaa kuchokoa uchafu kwenye redio, sasa hukwangua vichuma vya chaji. Kanda na CD zilizokufa nazo hazikutupwa zote. Wakulima wa mpunga huzifunga kwenye miti na kamba msimu wa kuamia ndege, utepe ukivuma kwa upepo na diski ikimulika jua, na huko shambani hakuna anayezifuta.